Neno la Kurudisha Mtu

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilirudi kwetu Rubona, kando ya ziwa, kumzika mama. Niliposhuka kwenye basi dogo karibu na bandari, harufu ya shayiri iliyochemshwa katika kiwanda cha bia ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Baada ya maziko nilikaa uani, pale mama alipokuwa akianika sambaza, dagaa wa ziwa letu, nikaukumbuka mchezo wetu wa mwishoni mwa miaka ya tisini.

Uliletwa na binamu yangu, binti wa dada mkubwa wa mama, ambaye familia yake ilikuwa imerudi kutoka Uganda. Alikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limechanika. Ulikuwa mchezo wa kusimulia: kila mmoja anajifanya mtu fulani, askari, mwizi au mchawi, na msimamizi anawaambia mnakutana na nini. Dadu zilipotea njiani, kwa hiyo tulichomoa vikaratasi vyenye namba kutoka kopo la maziwa ya unga.

Mimi niliupenda uchawi wa mchezo huo kwa sababu ulikuwa na sheria. Asubuhi mchawi anachagua maneno atakayobeba siku nzima. Akiwa mchanga anabeba moja tu. Akishalitamka, linafutika kichwani mpaka alale tena. Ukibeba neno la moto ukakutana na mlango uliofungwa, shauri yako. Tena ulimi peke yake mara nyingi hautoshi: mikono ina ishara zake, na maneno makubwa yanadai kitu cha kushika.

Mama alitusikiliza huku akigeuza sambaza na kufukuza paka. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye boti ya mizigo ya Bukavu, na safari moja boti haikurudi. Wengine walisema ilizama, wengine walisema watu wenye bunduki waliichukua. Kila asubuhi mama alipoteremka kununua samaki aliwauliza wavuvi, "Hamukusikia kitu?" Wakatazama nyavu zao.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, aliweka ungo chini akamgeukia binamu.

"Mu hiyo kitabu, iko maneno ya kurudisha mutu mwenye amekufa?"

"Iko, mama mudogo. Lakini ni ya mganga mukubwa sana. Lazima uanzie chini."

"Mi silogake watu."

"Mganga halogake. Anasali, Mungu anamupa maneno."

"Bon. Nipe huyo."

Hivyo mama akaingia mchezoni. Mganga wake alianza na neno moja la kufunga jeraha, na mama akawa bahili nalo kupita kiasi, hata askari wangu akavuja damu mapango mazima huku mama akisema, "Ngoja, bado hujafa." Kadiri tulivyoshinda, mganga alipanda ngazi na kupewa maneno mengine: la kutoa sumu, la kuponya homa. Siku za kazi nilimwona akikaanga sambaza huku mikono yake ikifanya ishara juu ya mafuta. Alianza tena kupika isombe, majani ya muhogo yenye karanga, na tukala tukicheka. Nilidhani mama yangu amepona.

Mvua za masika zilipoisha, mganga alifika ngazi ya neno la kurudisha mtu. Mama aliingia ndani akatoka na shati la baba, lile la mistari, akalipakata.

"Leo ninabeba lile neno," alisema. "Nifanye nini?"

Binamu alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nikaona kidole kimesimama.

"Inaomba almasi."

"Niko nayo. Tuliikuta pangoni."

"Na inaomba mwili, mama mudogo. Ama kipande yake."

"Na kama maji ilimubeba?"

Binamu aliurudia mstari kwa kidole.

"Hata nguo yake?"

Kitabu kile ni yeye peke yake aliyeweza kukisoma. Angeweza kumwambia chochote. Lakini alikuwa msichana mkweli, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

"Hata nguo. Bila mwili neno halifanyi kazi."

Mama alilikunja shati taratibu, mikono ya shati ndani, kama nguo ya kuuza.

"Bon," alisema. "Basi alikufa."

Neno hilo halikuwa limetamkwa juu ya baba nyumbani kwetu. Hakulia. Alinyanyuka akageuza sambaza. Tangu siku hiyo alinunua samaki wake bila kumuuliza mvuvi kitu, akala kidogo, akazungumza kidogo zaidi, na aliishi hivyo mpaka nikawa mtu mzima, mpaka mwezi uliopita. Mchezo hatukuugusa tena. Binamu aliolewa Kampala, na kitabu sijui kiliishia wapi.

Ua umeota majani sasa. Nilishuka bandarini nikawatafuta wavuvi wa zamani. Nilikuta vijana tu. Nilitaka mtu mmoja tu wa kunikumbusha baba alikuwa na sauti gani. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kuikumbuka, na sikuwahi kumuuliza.