Maganda ya Jeshi katika Ndoo ya Verlin

Verlin Strode hakununua risasi za dukani tangu alipoanza kunyoa ndevu, na kama ingewezekana angejitengenezea hata mvua. Kiwanda cha mbao kilipofungwa, alibaki na pensheni, gereji, na ndani ya gereji mashine ya mkono ya kujazia risasi. Huchukua ganda la shaba lililokwisha kufyatuliwa, hulisafisha, hulitia kiwashio kipya, baruti na kichwa, nalo huwa risasi tena. Hapa bondeni kwetu, Idaho, wapo watu wanaomshuku mchungaji lakini hawamshuku Verlin.

Hotuba aliyoipenda ilikuwa ya maganda. Niliisikia mara nyingi kuliko nilivyostahili.

"Ukibadilisha ganda, jirani, punguza baruti uanze upya. Kwa nje yote ni mapacha. Ya jeshi yana ukuta mnene. Baruti ileile, chumba kidogo, presha inapanda. Na presha haina adabu, itakufuata mpaka usoni."

Mwaka huu maganda yake ya zamani yalianza kupasuka shingo. Kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani akapewa ndoo nzima ya mengine, bure, na bure humpumbaza hata mwenye hotuba. Aliyamwaga kwenye mashine ya kusugulia pamoja na yake, akayatoa yanang'aa kama meno ya mgombea ubunge. Alama ya jeshi hugongwa kwenye tako la ganda kwa herufi ndogo mno. Miwani ilikuwa jikoni. Iliishi huko, kwa kuwa Verlin hakuwa mtu wa miwani.

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu alinijia asubuhi bila kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata mazishini. Alikuwa ametoka kujaribu bunduki yake kwenye shimo la kokoto. Komeo, chuma kinachofunga risasi ndani, lilikwama. Alipolipiga kwa kiganja, ganda likatoka na kiwashio kimebapa kama kidonge kilichokanyagwa, dalili ya presha kupita kiasi. Ndipo akaifuata miwani.

"La jeshi," alisema. "Na baruti niliyotia ni kipimo kilekile cha siku zote. Joleen ana boksi zima la hizi."

Joleen ni binti wa dada yake, nesi, naye alikuwa kambi ya uwindaji mlimani, kusikofika simu.

"Panda gari," nikamwambia.

Tukashika njia ya mlimani. Kila tuliposikia mlio wa bunduki ng'ambo ya bonde, alishika dashibodi. Nikafungua redio, akaizima.

Tulimkuta Joleen ameinama juu ya bunduki, kitambaa cha mafuta mkononi.

"Mjomba! Umekuja kunicheka?" alisema. "Nimekosa kulungu dume mkubwa kama friji. Halafu komeo likagoma. Nikaligonga kwa kuni, yeye kasimama ananitazama. Nadhani alinihurumia."

"Umepiga nyingine?" Verlin akauliza.

"Bado. Nimeisafisha, ndiyo natoka hivi."

"Usitoke." Verlin aliweka mkono juu ya bunduki. "Sio uchafu. Ni maganda. Nimechanganya."

Joleen alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenitoa gerejini kwa kuwa nilipumulia mizani ya baruti?"

"Mimi huyohuyo."

Alipeleka mkono shavuni, pale panapolala kitako cha bunduki, akauacha hapo. Kazini kwake amekwisha kuona nyuso za kila aina, na nadhani alikuwa akizikumbuka.

"Nani mwingine anazo?"

"Hakuna. Nilianza na zako. Nilitaka za kwanza ziwe zako."

Verlin akavaa miwani, akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kumimina risasi juu ya blanketi. "Nitazitenga. Nyembamba huku, za jeshi kule. Dakika chache tu, mwanangu, utabaki na nzuri."

Alizigeuza moja moja. Moja aliisoma mara tatu.

"Acha, mjomba," Joleen alisema, kwa upole ambao ningetamani asingekuwa nao. "Shuka nazo zote."

Kisha akanigeukia mimi. "Jirani, duka la bunduki kule mjini leo wanafunga saa ngapi?"

Mimi sikujua. Aliyejibu ni Verlin, bado kapiga magoti, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni kwa mshindani wake.

"Kumi na mbili. Waombe zenye kichwa kizito. Bunduki yako inazipenda hizo."