Sauti ya Marehemu Mke Wangu Kwenye Spika Mpya

Habari zenu ndugu wa ukurasa huu. Admin, nifichie jina, maana watu wa parokia yetu wanasoma humu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, fundi wa redio na spika hapa Sumbawanga mjini. Mke wangu alifariki miaka mitano iliyopita, akaniachia binti mmoja ambaye sasa ana miaka kumi na minne.

Niwaeleze kidogo kuhusu watu wa aina yangu, mtanielewa mbele. Sisi wapenda sauti hatusemi tu redio inalia vizuri. Tunasema hii ina joto, ile kavu, ile besi yake imevimba, hii inaimbia puani. Jumapili mchana tunakutana watatu: mimi, mwalimu mmoja mstaafu, Mfipa mwenzangu, na mfanyabiashara mmoja Muislamu mwenye duka la vifaa vya umeme. Tunakaa dukani kwake na masweta yetu, tunasikiliza na kubishana hadi chai inapoa.

Mwezi uliopita yule mfanyabiashara alileta amplifaya na spika za kisasa. Akasema, "Hizi hazipambi sauti. Zinakupa kilichorekodiwa, basi." Mwalimu alisikiliza kidogo akasema ni safi ila hazina huruma, mwimbaji akikosea zinamwanika. Mimi nilizipenda. Nikaomba tuweke kwaya ya kanisa la kijijini kwa wakwe zangu, Mwazye, niliyoirekodi mwenyewe. Mke wangu yumo, anaimba sauti ya pili. Nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi sana kwenye redio yangu ya zamani, ambayo sauti yake ni nzito na imefunikwa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Kwenye spika zile kwaya ilisimama mbele yetu. Ungeweza kuonyesha kwa kidole nani yuko wapi. Mfanyabiashara akafurahi. "Sikia huyu wa kushoto, mpaka pumzi yake unaisikia. Inakatikakatika."

Alikuwa mke wangu.

Wimbo wa tatu ukaisha. Kabla ya wa nne kuna kimya kifupi, ambacho kwenye redio yangu ni mvumo tu. Hapo nikasikia kikohozi, kisha sauti ya mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alikuwa akiimba pembeni yake. Walisema Kifipa, kwa kunong'ona.

"Dada, mwambie mumeo akupeleke hospitali."

"Nilishamwambia mara mbili. Anasema nadeka. Simwambii tena."

"Basi nitamwambia mimi."

"Mwambie."

Wimbo wa nne ukaanza, naye akaimba.

Yule mfanyabiashara hajui Kifipa, akaendelea kusifu. "Mnaona uwazi huo? Mpaka minong'ono." Mwalimu alitazama kikombe chake. Baadaye aliinuka akazima, akasema amechoka. Tulipotoka nje alinishika mkono.

Ndugu zangu, niseme ukweli ambao sijawahi kuusema. Mke wangu aliniambia kweli. Mara ya kwanza tukiwa shambani tunavuna ulezi, akakaa chini akashika kifua. Nikamwambia kila wakati wa mavuno wewe huumwa. Mara ya pili nilikuwa na spika ya mteja mezani, sikugeuza hata kichwa. Na shemeji naye alikuja kuniambia, siku ileile ya kurekodi, tukiwa nje ya kanisa. Nikamjibu, "Shemeji, usimjaze dada yako hofu." Wiki tatu baadaye mke wangu alianguka akienda kuchota maji. Moyo. Hatukufika naye hospitali.

Msibani mama mkwe aliniuliza mbele ya ndugu, "Baba, ulijua mwanangu anaumwa?" Nikasema sikujua, hakuna aliyeniambia. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka palepale. Akaniangalia. Akasema, "Mama, mimi nilijua." Nilingoja amalizie. Hakumalizia. Mpaka leo sijui kwa nini alininyamazia, labda kwa ajili ya mtoto.

Tangu siku hiyo mama mkwe hasemi naye. Anasema alificha ugonjwa wa dada yake mpaka akafa. Binti yangu amekua akiamini hivyo hivyo. Mama yake mdogo akija mjini kuleta unga, mtoto hamwamkii, anaingia ndani. Nami humwacha.

Sasa silali vizuri. Nikiwasha redio ya mteja, sikio langu linakwenda kushoto. Katikati ya taarifa ya habari nasikia pumzi ile inakatika.

Mama mkwe ameagiza nipeleke ile kwaya Jumamosi ijayo, ichezwe nyumbani baada ya misa ya kumbukumbu. Nimetengeneza nakala, zile sekunde chache nimezikata, na kwa ufundi wangu hakuna atakayejua. Binti yangu ameshaisikiliza. Akasema, "Baba, sauti ya mama ni nzuri." Nikatoka nje.

Jana shemeji alinipigia. Akasema, "Shemeji, mama ameniruhusu nije misani. Amesema nisikae na familia, lakini nitakuja." Alikuwa na furaha. Alinishukuru, akidhani ni mimi niliyemwombea kwa mama. Nikapokea shukrani zake.

Naombeni ushauri, hata wa kunitukana nitausoma. Najua nikisema ukweli wakwe watanifukuza, hilo nalistahili. Ninaloogopa ni binti yangu, hana mzazi mwingine. Nimweleze yeye kwanza, peke yetu, kabla hatujapanda gari la Mwazye? Au nisimame mbele ya wote na yeye akiwemo, pale pale nilipodanganyia? Nimebakiwa na siku sita.