Bi harusi aliyeponea mdomoni mwa Omari

Jamani, leo nimemfumania mume wangu!

Mnajua mimi sioni, na Omari ndiye hunisomea hadithi za gazetini.

Leo, hapa ofisini Likoni, nimefungua ukurasa wa gazeti hilo mtandaoni kwa kompyuta inayosema.
Nabonyeza, inanitajia kichwa kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake cha kizungu, hadi nikaifikia hadithi ya juma lililopita, ile ya bi harusi.

Kumbe bi harusi alikufa!

Omari alinisomea kuwa alipona, akazaa mapacha.

Alipokuja kunichukua nikamuuliza. Akasema:
"Wallahi, Mwanaisha, siku ile ulikuwa na homa. Sikutaka ulie."

Nimeizima mashine.
Nimemwambia ya leo anisomee yeye, na asife mtu.

Semeni wenzangu, huyu ni wa kugombezwa?