Amplifaya ya Kubebwa kwa Mkono Mmoja

Miaka ile ya sabini watu wa Nakuru walinunua amplifaya kwa kuiinua. Nzito ina nguvu, nyepesi ni takataka. Mafundi walilijua hilo, na wengi wao walifunga ndani ya sanduku transfoma iliyoungua, isiyofanya kazi yoyote, mradi mteja agune akiinua. Upuuzi huo mimi niliukataa.

Nilikuwa msichana pekee kwenye meza ya ufundi. Mwenye duka, Singasinga mmoja wa kelele nyingi, aliniajiri niuze betri pale mbele. Kuzungusha nyaya nilijifunza kwa kumwangalia, mpaka akachoka kunifukuza. Siku moja akaja dalali wa mnada wa ng'ombe kutoka Bahati, anataka amplifaya ya kutumia betri ya gari. Nikasema hiyo nitaitengeneza mimi, kwa njia mpya ya transista.

"Ikirudi hapa," mwenye duka akaniambia, "wewe unarudi kuuza betri. Kabisa!"

"Sawa, mzee. Haitarudi."

Kiini cha transfoma nilikitoa kwenye televisheni iliyokufa: cheusi, kidogo kuliko mandazi. Nyaya nyembamba nikazisuka pamoja kama nywele, maana umeme unaogeuka kwa kasi hupita juu juu ya waya, na waya mmoja mnene ungekuwa shaba ya bure. Mwenye duka akachungulia, akacheka.

"Hii ni saluni ama duka la redio? Kitu kidogo hivi kitabeba sauti ya mnada?"

"Hakibebi yote mara moja," nikamjibu kwa hasira. "Transfoma ile nzito ya chuma inapitisha umeme mara hamsini tu kwa sekunde, kwa hivyo kila safari mzigo ni mkubwa. Hizi transista zinaukata na kuuwasha maelfu ya mara, kila safari kidogo tu. Ukichota maji kwa kikombe na mkono hausimami, pipa si linajaa?"

"Mdomo pia hausimami," akasema, akaniwekea transfoma iliyoungua kando ya sanduku. "Funga hii ndani."

Sikuifunga. Dalali alipokuja aliinua sanduku, akalitikisa, akaondoka nalo amekunja uso.

Baada ya mnada nikamwona anaingia tena, sanduku kwapani. Wacha! Mwenye duka tayari alikuwa ananionyesha kaunta ya betri kwa kidole.

"Imeungua?" nikauliza.

"Hata! Imelia kutwa, hadi wale ng'ombe wa nyuma kabisa wakageuka. Lakini watu wananicheka, ati nimebeba kiberiti. Niwekeeni chuma."

Mwenye duka akanitazama, kisha akaitazama ile transfoma mfu, bado iko pale alipoiacha. Nikaiinua kwa mikono miwili, nikampa dalali kifuani, akaipokea bila kutaka.

"Uzito ndio huo," nikasema. "Ubebe mwenyewe. Ndani ya kazi yangu hauingii."

Dalali akasimama nayo kidogo, jasho likaanza kumtoka, akaiweka chini. Akachukua amplifaya yake kwa mkono mmoja, akatoka bila kuaga.

Mwenye duka alirudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Hakuinua kichwa alipofungua kinywa.

"Kesho," akasema, "nitatafuta mtu wa kuuza betri."