Mwalimu Asiyekosea Saa

Mtu yeyote wa kijiji chetu aliyepita darasa la tatu, ukimuuliza habari za Mwalimu Fuatino, hatakutajia ubao wala kitabu. Atakutajia kamba. Ilikuwa kamba ya makumbi, ndefu kuvuka uwanja wa shule, yenye mafundo ishirini na manne. Kati ya fundo na fundo Fuatino alishona kauri tatu, makombe madogo ya pwani: ya robo, ya nusu, ya kasorobo. Aliitandaza chini, akamsimamisha mtoto kwenye saa mbili na robo, akamwambia aende saa sita na nusu. Mtoto anazipita kauri kwa hatua fupi mpaka saa tatu, anaruka mafundo mazima mpaka saa sita, kisha anamalizia kauri mbili. Wenzake wanaimba hesabu. Mtoto aliyeruka hivyo mara tano, hesabu ya muda haimtoki tena maishani.

Mimi ni Makerita. Nimefundisha chumba cha pili katika shule hiyohiyo kwa miaka kumi na tisa, na watoto wangu walipitisha nusu ya miaka hiyo wakichungulia dirishani kuitazama kamba ya mwenzangu. Nilimpenda Fuatino. Nilimwonea wivu pia, na sioni haya kusema, kwa sababu yaliyotokea baadaye hayaeleweki bila huo wivu.

Saa ya ukutani hakuipenda. Alisema saa ya ukutani humwonyesha mtoto saa ngapi, haimwonyeshi muda umekwenda wapi. Aliwafundisha kurudi nyuma kwenye kamba kwa tanuri la mawe la Jumapili: chakula kitoke saa sita, rudi fundo moja la kuivisha, fundo moja na nusu la kupasha mawe, fundo moja la kumenya magimbi na kukamua tui, kwa hiyo mtu aamke aanze saa mbili na nusu. Ikafika mahali kina mama wakawa wanamtuma mtoto kwa Fuatino kila Jumamosi kuuliza tanuri liwashwe saa ngapi, kana kwamba bibi zao walikula magimbi mabichi.

Na dakika moja aliifundisha kwa mkono wa mumewe.

Mumewe alikuwa Peniata, fundi seremala, mtu wa kifua kipana na utani usioisha. Mara moja kila muhula alikuja shuleni, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni, akanyoosha mkono. Watoto walipanga foleni kumshika mapigo huku mchanga ukishuka kutoka chupa moja kwenda nyingine. Mchanga ukiisha, dakika imeisha. "Sabini na moja." "Sabini na mbili." Alimtisha kila mmoja kwamba akikosea kuhesabu yeye atakufa papo hapo.

Mwaka 2011, katikati ya muhula wa pili, msichana mmoja alikaa na mkono wa Peniata muda mrefu, uso umekunjamana. "Mwalimu, baba huyu anaruka," akasema. "Anapiga, anapiga, halafu anasahau."

Darasa zima lilicheka, na Peniata akacheka kuliko wote. Fuatino hakucheka. Jioni hiyo alimshika mkono mwenyewe, na asubuhi akampeleka hospitali. Moyo ulikuwa umechoka.

Nyumbani kwao kulikuwa na jambo jingine ambalo sote tulilijua na hakuna aliyeligusa. Binti yao wa pekee, Tiresa, alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma kumfuata baharia wa meli ya jodari hadi Pago Pago, kwenye visiwa jirani vyenye serikali nyingine, bila kuaga. Peniata alisema mezani, mbele za watu, kwamba asimwone tena huyo mtoto. Tiresa akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Baharia akapata mwanamke mwingine, kama walivyo mabaharia. Fuatino aliongea na bintiye kwa simu kila wiki, akiwa shuleni, mlango umefungwa. Mimi ndiye niliyelinda mlango.

Kisha ikaja Desemba ile serikali ilipoivusha nchi upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule wa baharini unaotenganisha leo na jana. Tulilala Alhamisi, tukaamka Jumamosi. Wengine walisali, wengine walilewa. Peniata alikaa barazani, mto mgongoni, akilalamika kwa kila mpita njia.

"Mtu mwenye moyo mbovu ndiye mnamwibia siku?" alisema. "Wangewaibia vijana. Ijumaa yangu nitaidai."

Pago Pago, ambayo ni safari ya nusu saa kwa ndege, haikuvuka. Zamani tulikuwa na siku moja. Tofauti ilikuwa ile saa moja tu tunayoisogeza mbele wakati wa kiangazi. Sasa ikawa siku nzima na saa moja. Shule ilipofunguliwa, Fuatino alifunga kitambaa chekundu kwenye kamba, akawagawa watoto, hawa wa leo, hawa wa jana, wakawa wanapigiana kelele kuvuka kitambaa, "Nyie bado hamjala chakula tulichokula sisi!" Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Nasema hivyo ili ujue kwamba alijua. Hakuna aliyejua zaidi yake.

Wiki ya pili ya shule, siku ya Ijumaa, hospitali ikamwita Peniata. Nafasi ya kupasuliwa moyo Auckland imepatikana, ndege inaondoka Jumatano saa tatu asubuhi. Daktari hakumficha kwamba wanaoamka ni nusu. Msindikizaji ni mmoja, akachaguliwa kaka yake anayekijua Kiingereza. Peniata alisikiliza yote, kisha akamwambia mkewe, "Mwambie Tiresa aje."

"Nikupigie uongee naye?"

"Maneno yangu na mwanangu si ya simu. Aje nimwone."

Fuatino alikuja shuleni mbio mchana huo, watoto wameshaondoka. Alinipa simu, nikambonyezea namba mimi. Tiresa alipokea akiwa kwenye mapumziko ya chakula, mashine zikinguruma nyuma yake. Aliposikia baba anamwita, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo.

"Mama, kasema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Sasa futa machozi, sikiliza hesabu. Baba anaondoka Jumatano saa tatu asubuhi. Ndege yako ya mchana inaruka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi panda ya Jumanne saa tisa. Nusu saa angani, ni tisa na nusu. Ongeza ile saa moja yetu, unatua saa kumi na nusu. Unakula naye jioni, unalala nyumbani, asubuhi tunamsindikiza sote."

"Jumanne. Una uhakika, Mama?"

"Tangu lini nikakosea?"

Tiresa akacheka ndani ya kilio. "Haya, Mwalimu."

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni. Jumanne ipi, nikajiuliza, yao au yetu? Nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Halafu nikaacha.

Nikuambie kwa nini niliacha. Mwaka mmoja nyuma, mbele ya wazazi wote, nilitangaza mkutano wa kuanzia saa nne hadi saa saba kasorobo, nikasema utachukua saa mbili na nusu. Fuatino alitabasamu, akasema, "Dada, na ile robo umempa nani?" Ukumbi mzima ulicheka. Hakuwa na ubaya, lakini nililala nayo mwaka mzima. Kwa hiyo pale mezani nilijiambia, wewe Makerita ni nani wa kumsahihisha Fuatino habari za saa? Atakucheka tena. Nikakunja vidole.

Jumanne tulikwenda uwanja wa ndege mapema. Fuatino alisuka shada la maua mwenyewe. Saa kumi na nusu kamili ndege ndogo ikatua, wakashuka watu wanane. Tukamhesabu kila mmoja. Tiresa hakuwemo. Fuatino akamfuata kijana wa mizigo na kumuuliza kama mtu amebaki ndani.

"Mgeni wenu alisema anasafiri lini, mama?" akauliza yule kijana.

"Jumanne."

"Hawa wameondoka Jumatatu. Kule leo ni Jumatatu. Wa Jumanne ni kesho, saa hizihizi."

Fuatino aliinamia shada lake. Nikaona vidole vyake vinatembea kwenye shada, ua baada ya ua, kama anagusa kauri. Vilipofika mwisho vikasimama.

"Makerita," akasema, "nimehesabu ile saa moja. Siku sikuihesabu."

Simu ikaita. Alikuwa Tiresa, sauti imejaa furaha. "Mama, nafunga mzigo. Nimletee baba nini kesho?"

Ndege nyingine hakuna, meli ni ya Alhamisi. Tulikwenda kuomba safari ya Peniata isogezwe siku moja tu, tukaambiwa kwa upole kwamba kitanda na madaktari vikimpita havitarudi. Magharibi ilitukuta nyumbani, Peniata amekaa wima kitandani, amenyolewa, amevaa shati la kanisani. Akatutazama sisi wawili, akatazama mlango nyuma yetu.

Fuatino alipiga magoti akamweleza yote. Hakujitetea.

Peniata alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mke wangu, usinifanye mtoto. Wewe ukosee siku? Wewe unayejua magimbi yataiva dakika gani?"

"Nimekosea, Peniata. Naapa mbele za Mungu nimekosea. Mtoto anakuja kesho."

"Unamfunikia. Umekuwa unamfunikia miaka mitatu mkiongea mlango umefungwa, mnadhani sijui. Hataki kuja, basi. Sema hataki, niende nikijua."

"Shemeji, kweli kakosea," nikasema. "Mimi nilikuwepo."

"Na wewe umetumwa," akanijibu, na akacheka kidogo. Kile kicheko ndicho kilichonivunja.

Fuatino alipiga simu, Tiresa akaanza kuita, "Baba, Baba," sauti ikisikika chumba kizima. Peniata alifumba macho, akageukia ukuta. Alikuwa ameshasema maneno yake si ya simu, na alikuwa mtu wa neno lake hata pale neno lilipokuwa la kijinga. Nilitamani kumtikisa, mgonjwa na yote.

Jumatano saa tatu asubuhi aliruka. Saa kumi na nusu Tiresa akatua. Alikuta ndugu tumesimama pale na lile shada la jana, limenyauka, kwa kuwa hakuna aliyepata nguvu ya kusuka jingine. Wakati huo Auckland walikuwa wameshamlaza kwa dawa. Hakuamka. Alikufa Ijumaa, na juu ya hilo sina la kusema.

Baada ya mazishi Tiresa alimuuliza mama yake, mbele yangu, baba alisema nini juu yake mwishoni. Nilimwomba Fuatino kwa macho adanganye. Hakudanganya. Alisema, "Alidhani hukutaka kuja. Sikuweza kumfanya aamini kwamba ni mimi." Tiresa akaingia chumba cha baba yake, akakaa humo mpaka siku ya pili. Kisha akarudi Pago Pago kazini. Anapiga simu kila wiki bado, lakini hamwiti tena mama yake "Mwalimu".

Fuatino naye alirudi darasani. Wiki ile ya kwanza nilipita mlangoni kwake, nikakuta kamba imetandazwa, kitambaa chekundu mahali pake. Amesimama upande wa jana, watoto wote upande wa leo, anawafundisha safari ya mtu aondokaye Pago Pago Jumanne saa tisa. Wakaruka, wakafika, wakapiga kelele kwamba ni Jumatano saa kumi na nusu. Wote walipata.

"Vizuri," akasema. "Sasa nataka sheria mpya. Mimi nikihesabu, mmoja wenu ahesabu nyuma yangu. Akiona nimekosea, aseme. Hata kama ana haya. Hata kama nilimcheka jana." Akakinyoosha kile kitambaa chekundu. "Siku ile nilihesabu kwa sauti. Laiti kungekuwa na mtu mmoja wa kuhesabu nyuma yangu."

Akainua uso akaniona mlangoni, akanitabasamia kwa upendo kama anavyonitabasamia siku zote, kwa sababu mimi ndiye rafiki yake niliyekuwa naye siku ile. Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja. Nilitaka kusema. Nikamwuliza kama ana chaki ya ziada.