Shada Lenye Namba ya Simu

Wenzake kazini walimwita Kupe, na yeye hakununa. Aliuza mashine kubwa za kufulia, zile zinazomeza mashuka ya wodi nzima kwa mkupuo mmoja, na muuzaji wa vitu hivyo asiyejua kung'ang'ania afadhali akauze karanga.

Mwaka mzima alikuwa akimtafuta mkurugenzi wa hospitali moja kubwa ya binafsi. Ofisa manunuzi na mhasibu walimpiga danadana. Katibu muhtasi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikuwa na jibu lile lile: "Bosi yuko kikaoni, mwanangu." Wote hao hawakuwa na kauli. Mwenye kauli alikuwa mmoja, na kumwona ilikuwa sawa na kukiona kisogo chako.

Asubuhi moja Meneja wa mauzo aliingia akisugua viganja. "Mama yake mkurugenzi amefariki!" alisema, utadhani kashinda bahati nasibu. "Mazishi kesho. Kupe, vaa gauni jeusi."

"Lakini bosi, marehemu hatumjui."

"Nani kakwambia tunamfuata marehemu?"

Makaburini Kupe alikuta sura za wale wale anaobanana nao kwenye mabenchi ya mapokezi: wauza majenereta, wauza vitanda, wauza bima. Muuza bima alilia kwa kwikwi kuwashinda wajukuu. Muuza dawa za wadudu alimkumbatia mkurugenzi, na alipomwachia, kadi ya biashara ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa koti la mfiwa. Kupe aligeuza uso pembeni.

Meneja akafungua buti la gari, akamkabidhi shada. Maua yalikuwa meupe, mazuri; lakini juu yake ulipita utepe wenye jina la kampuni kwa herufi za dhahabu, chini yake namba ya simu, na chini kabisa, kwa maandishi ya kuchungulia, "Pumzika kwa amani, Mama."

"Liweke mbele. Utepe umtazame yeye," Meneja alinong'ona.

Kupe alilibeba. Karibu na kaburi palikuwa na picha ya marehemu: bibi mwenye pengo, akicheka kwa moyo wake wote. Kupe akauchomoa utepe, akaufinyanga ndani ya kiganja, akaweka maua matupu.

Garini Meneja alifoka mpaka mate yakaruka kwenye kioo.

Baada ya siku chache yule katibu muhtasi akapiga simu. "Ni wewe uliyetoa ule utepe, mwanangu? Nilikuona. Marehemu alikuwa shoga yangu. Njoo kesho, nitakuingiza."

Hivyo ndivyo Kupe alivyoingia. Mkurugenzi alimtazama kutoka nyuma ya meza pana.

"Kampuni yenu ilikuja msibani? Jina lenu sikuliona. Mimi huwa naangalia nani kaja na nani hakuja."

"Tulileta maua, mheshimiwa. Pole sana."

"Maua yasiyo na jina ni ya nani, dada? Wenzenu waliandika."

Kumbe mama anafukiwa, na mwana anasoma tepe! Hata hivyo mdomo wa Kupe, kwa mazoea, ulieleza mashine, maji, umeme, na kila neno alilolitoa lilimchefua.

"Haya, zileteni," mkurugenzi alisema. "Zangu zimekufa."

Koridoni, alikokuwa akimsubiri, Meneja alimkumbatia. "Si nilikwambia? Msiba ni mlango!" Kupe alijinasua, akakimbilia chooni, akatapika.

Aliomba kutolewa kwenye mauzo. Wenzake walimcheka: nani anaacha mnofu akafuata mfupa? Mumewe alinung'unika, kisha akazoea. Akapewa kazi ya kuwafundisha kina mama wafuaji wa hospitali ile ile, chini, kwenye chumba cha mvuke.

Siku moja, akiwa anawaonyesha namna ya kusafisha chujio, Meneja alimpigia.

"Kupe, si uko humo ndani siku hizi? Hebu pita wodini. Yule tajiri wa mahoteli, baba yake kalazwa hapo. Anaendeleaje? Kuna dalili?"

"Dalili za nini?"

"Za kwenda, bwana! Tuwahi maua."

Kupe aliishika simu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya aliyeoza. Akaikata bila kuaga, akawaomba wale kina mama sabuni ya kunawa mikono.