Teslem: mpishi wa misafara aliyeshika usukani na kushindana na bahari

Saa moja asubuhi, kaskazini mwa Nouakchott, Teslem Mint Bouh amepiga magoti mchangani akipunguza upepo kwenye matairi. Hana haja ya kipimo. Anasikiliza upepo unavyotoka, kisha analibonyeza tairi kwa kiganja. Bahari imeanza kupwa na ufuo umekuwa mgumu kama sakafu. Leo, kwa mara ya kwanza, anapeleka wageni kijiji cha wavuvi cha Nouamghar kwa njia ya ufuoni yeye mwenyewe akiwa dereva, na furaha imemjaa mpaka anacheka peke yake.

Madereva wenzake waliojiegemeza kwenye magari yao wanamtazama.

"Teslem! Mbona umesahau sufuria?" anapaza sauti Lemrabott, bingwa wao wa utani.

"Nimekuachia wewe. Angalia wali usiungue!"

Wanaangua kicheko, na Lemrabott anacheka kuliko wote.

Kwa miaka tisa, Teslem, ambaye sasa ana miaka 36, alikuwa mpishi wa misafara ya wageni kwa malipo ya ouguiya 400, pesa ya huko, kwa siku. Alikaa nyuma, amebanwa na magunia ya vitunguu. Lakini macho hayabanwi. Alijua wapi mchanga unabeba na wapi unameza, na mjomba wake akamfundisha usukani mchana wa joto, watu wote wakiwa wamelala.

Ofisi moja ya utalii imemwamini na gari kwa safari hii moja tu. Akiwafikisha wageni salama, anapewa kazi ya msimu mzima. Bahari ikilimeza gari, kama ilivyomeza mengi kwenye pwani hii, basi tena.

"Narudi kwenye vitunguu," anasema. "Na Lemrabott atanitania mpaka siku ya kiyama."

Wageni wake ni Wareno wawili, Duarte na mkewe Inês. Kabla hawajapanda, anawapa somo.

"Nakala za pasipoti mmeleta ngapi?"

"Tano," anajibu Duarte kwa fahari.

"Tano? Hizo zitaisha kabla ya chakula cha mchana! Kila kizuizi wanataka karatasi. Mkirudi mjini toeni nyingine. Vilemba vaeni sasa hivi, msingoje mchanga uwaingie puani. Askari msimpige picha. Muwe na pesa taslimu, kadi ya benki huko tuendako ni pambo. Na mkikaribishwa chai, ni glasi tatu. Msinyanyuke kabla ya ya tatu, hata hema liungue!"

Ushauri huo wa mwisho ndio uliokuja kumgeukia mwenyewe.

Gari linateleza juu ya mchanga uliolowa, ndege weupe wanapaa mbele yake kwa mamia, na Inês anapiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Teslem naye anapiga kelele. Hakuna anayemwambia mpishi anyamaze.

Wanafika kijiji cha Tiwilit mapema, na hapo Teslem anafanya kosa ambalo kila mtu wa huku hulifanya: anaamini kwamba mtu anaweza kumsalimia shangazi yake na kuondoka. Shangazi mwenyewe, Bibi Mbarka, amekwisha kuliona gari tangu mbali. Mkeka umetandikwa, mkaa umewaka, birika linachemka.

"Mgeni njoo mwenyeji apone! Ketini, ketini!"

Shangazi huyo hana haraka. Anaimimina chai kutoka glasi hadi glasi, juu chini, juu chini, mpaka povu lisimame. Ya kwanza inanywewa. Zinaulizwa habari za ndugu, za mbuzi na za ngamia aliyepotea mwaka juzi. Ya pili inanywewa. Teslem anaitazama bahari. Maji yameanza kurudi.

"Shangazi, tunaomba ruhusa."

"Ruhusa ya kwenda wapi? Mmekunywa mbili!"

"Bahari inajaa. Ya tatu tutakunywa tukirudi."

"We Teslem! Wageni waondoke kwangu na glasi mbili? Kesho Tiwilit nzima itasema Mbarka kaishiwa sukari!"

Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka, kisha wakageuka wakatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Teslem alikuwa katikati ya hao hao. Akamkosea adabu shangazi yake: akasimama.

Bibi naye akasimama. Akamwaga makaa, akaviringisha birika, sinia, glasi na sukari ndani ya mkeka, akamfukuza Duarte kwenye kiti cha mbele na kukaa yeye.

"Chai yangu haikatizwi. Bahari ina haraka? Haya, hata mimi nina haraka. Endesha!"

Karibu na Nouamghar ufuo umebaki ukanda mwembamba kati ya vilima vya mchanga na mawimbi. Wimbi moja linawalazimisha kupanda pembeni, kwenye mchanga laini, na magurudumu ya nyuma yanazama.

"Niliogopa," anakiri Teslem. "Nilivinusa vile vitunguu."

Lakini akazima injini asizidi kujichimbia. Wote wakashuka, wakafukua kwa mikono na kwa sinia la chai. Ubao wa kuwekea chini ya gurudumu ulikuwa mmoja tu, na povu la wimbi lilishagusa tairi la mbele.

"Mkeka!" akasema bibi Mbarka.

"Shangazi, huo uliolewa nao!"

"Na wewe nimekulea. Uweke!"

Mkeka wa matete na ngozi ukaingia chini ya gurudumu la pili. Teslem akakanyaga mafuta taratibu, matete yakalia, gari likapanda. Duarte alirukaruka majini akishangilia na kilemba kimemfunguka chote.

Walipofika Nouamghar, wanakunywa glasi ya tatu wakiwa wameketi juu ya mkeka uliopasuka. Simu inaita. Ni mwenye ofisi.

"Gari liko wapi?"

"Liko Nouamghar. Na mimi niko, wageni wapo, na shangazi yupo."

"Shangazi gani tena?"

Teslem anamsimulia yote. Huko kwenye simu mtu anacheka mpaka anakohoa, kisha anasema neno ambalo Teslem analirudia kwa sauti, wote wasikie: msimu ni wake.

Anapanga kuweka akiba mpaka awe na gari lake mwenyewe. Kuanzia sasa ataondoka mjini mapema zaidi, ili glasi tatu zipate nafasi yake. Na malipo yake ya kwanza, anasema, yatamnunulia shangazi mkeka mpya.

Bibi Mbarka anakung'uta mchanga kwenye matete yaliyovunjika, anakunja kilichobaki.

"Mpya wa nini? Mpya haujui njia," anasema, na kurudi zake kwenye kiti cha mbele.